Lilete Likiwa Chafu

Gari letu halikuwa na tabia mbaya mpaka lami ilipofika. Miaka yote ya vumbi na tope lilikwenda mwendo wake wa mtu mzima, likipanda na kushuka vilima vya Kasulu na Kibondo, na hakuna aliyejua lina ugonjwa kwa sababu hapakuwa na barabara ya kuliruhusu likimbie. Kisha wakaja watengenezaji wa barabara, kipande hiki kikawekwa lami, kile kikafuata, na siku moja nikajikuta nakwenda kasi ambayo sikuwahi kwenda maishani. Naishukuru ile lami. Bila hiyo ningezeeka bila kujua lolote kuhusu ekseli ya mbele, na pengine bila kumjua vizuri kaka yangu.

Ni lori dogo la zamani, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lenye kabini ya watu watatu na bodi ya mbao nyuma. Tulilinunua mimi na kaka yangu kwa pamoja, yeye akauza ng'ombe, mimi nikatoa mtaji wangu wa maharage. Wazazi wetu walivuka mpaka kutoka Burundi wakiwa wamebebwa mgongoni, sisi tukazaliwa huku, na huku ndiko kwetu. Kaka analima Makere. Mimi nakwenda Nyabibuye kununua maharage kwa wakulima na kuyaleta sokoni Kasulu. Aliyenifundisha kuendesha ni mjomba, nikiwa msichana. Kaka yangu naye alijaribu, lakini akishika usukani hata kuku wanahama mtaa. Mume wangu, mwalimu aliyeletwa huku kikazi kutoka Tanga, haendeshi hata baiskeli. Kwa hiyo dereva ni mimi, na sikuwahi kuona kwamba hilo ni jambo la kujadiliwa.

Siku ya mkasa tulikuwa tunatoka Nyabibuye na mzigo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na njia za huko ndani zilikuwa uji mtupu, tukatoka kwa kuteleza na kusukumwa mpaka barabara kubwa. Mbele nilikaa na wifi yangu, mke wa kaka, aliyekwenda kumwona mama yake na sasa anarudi. Alikuwa na mimba kubwa, amejifunga kitenge juu ya tumbo. Kaka alikuwa nyuma juu ya magunia. Tulipita Kibondo jua likiwa limewaka, tope likaanza kukauka, na tulipofika kwenye lami nikakanyaga mafuta. Tulikuwa tunacheka. Wifi alikuwa ananisimulia jinsi mama yake alivyogombana na mbuzi wa jirani, na ana namna yake ya kuigiza mbuzi.

Kwenye kidaraja kimoja lami imeinuka kidogo, kama ukingo wa sahani. Magurudumu ya mbele yaligonga ule ukingo, na usukani ukanitoka. Sina neno jingine. Ulianza kuchezacheza kushoto na kulia, kisha kwa kasi mpaka mikono yangu ikawa haionekani vizuri, gari zima likatikisa kichwa kama ng'ombe aliyeingiwa na nyuki sikioni. Dashibodi ilikuwa inapiga kelele, mlango wa wifi unagonga, na nje naona kichaka kinakuja na kuondoka, kinakuja na kuondoka. Niliushika ule usukani kwa nguvu zangu zote na kukanyaga breki, na kadiri nilivyokanyaga ndivyo ulivyozidi. Tulisimama tukiwa nusu ndani ya lami na nusu kwenye majani. Wifi alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili.

Kaka aliruka kutoka juu, akaja mpaka mlangoni kwangu. Hakuniuliza kama nimeumia. Alimtazama mkewe kwanza, muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

“Unataka kuniulia watu?” akasema.

“Ni gari,” nikasema. “Usukani umecheza wenyewe.”

“Usukani hauchezi wenyewe. Unachezwa.”

Nikaliwasha tena, tukafika Makere kwa mwendo wa kusindikiza jeneza. Jioni kaka alikuja kwangu na maneno aliyokuwa ameyapanga. Alisema mimi ni dada yake na ananipenda, lakini kwenye ule usukani hanitaki tena. Tutafute dereva mwanamume, mwenye nguvu za mikono, au tuliuze lori kila mtu achukue chake. Kulikuwa na mnunuzi Kigoma mjini aliyekuwa akilitamani tangu zamani, na akasema msimu wa maharage ukiisha tu atamwita. Mume wangu alijaribu kuingilia, akaambiwa kwa heshima zote kwamba hili ni la watu wa ukoo. Nilimjibu kaka vibaya. Nina mdomo, hilo linajulikana tangu Kasulu mpaka Kakonko, na siku ile niliutumia wote. Lakini alipoondoka nilikaa nikaitazama mikono yangu na nikaogopa.

Kesho yake nilianza kutafuta fundi. Hapa inabidi nieleze desturi yetu moja, maana ndiyo iliyotupotezea msimu mzima. Kwetu mtu hapelekwi hospitali akiwa mchafu. Hata kama anaungua homa, ataogeshwa, atapakwa mafuta, atavalishwa nguo zake za Jumapili, ndipo abebwe. Daktari asije akasema watu wale hawana adabu. Na gari ni vilevile. Nani ampelekee fundi gari lenye tope, mtu alale chini yake adondokewe na uchafu wako usoni? Kwa hiyo nilishusha magunia yote, nikafagia bodi, nikalipeleka mtoni likasuguliwa kwa brashi na sabuni mpaka ndani ya rimu za magurudumu, likang'aa. Kisha ndipo nikalipeleka kwa fundi Kasulu.

Fundi yule alikuwa mtu mwema na mwenye haraka. Alizunguka nalo mji, akatoka nalo mpaka barabara kubwa, akarudi. “Gari zima, mama,” akasema. “Labda ulikanyaga jiwe.” Nilipomng'ang'ania akanifungia shokapu mpya ya usukani, ile inayolala kwa upande kuzuia usukani usicheze, akasema sasa hata nikiachia mikono litakwenda lenyewe. Niliondoka namwombea baraka. Safari ya kwanza na mzigo, kwenye kidaraja kilekile, likacheza tena. Safari hii nilikuwa peke yangu, namshukuru Mungu, na nilikuwa nakwenda taratibu, nikaweza kulisimamisha.

Nikaliogesha, nikampelekea fundi mwingine. Alikaza nati, akahamisha magurudumu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, akalijaribu, akaniambia maneno yaleyale. Gari zima. Kisha akaongeza, kwa sauti ya kunihurumia, kwamba magari haya ni mazito na wanawake wana mikono laini. Nilimwonyesha viganja vyangu. Akacheka, lakini hakubadilisha maneno.

Kilichonimaliza nguvu ni yule dereva aliyeletwa na kaka. Kijana wa watu, mpole, anaendesha basi la shule mjini. Kaka mwenyewe aliliosha lori asubuhi ile kwa heshima ya mgeni, na jamaa akalichukua likiwa tupu, kaka kando yake, Makere mpaka Kasulu na kurudi, kwa kasi. Wakashuka wanacheka. “Linateleza kama sabuni,” dereva akasema. Kaka hakusema “umeona?” Alinitazama tu, na ilikuwa afadhali angesema.

Ndipo nikaanza kuamini. Ni jambo baya sana kuamini kwamba mikono yako imekuwa adui. Nilikuwa nikishika sufuria naitazama kama inatetemeka. Nilimwuliza mume wangu anipime, ninyooshe mikono nifumbe macho, na yeye akanipima kama mwalimu anavyokagua kucha za watoto mstarini, akasema, “Mikono hii haina kitu. Tafuta mtu mwingine alitazame hilo gari.” Namshukuru kwa hilo. Hajui spana na bisibisi zinatofautianaje, lakini alikataa katakata kuamini kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Dereva mmoja wa malori ya mizigo ndiye aliyenielekeza kwa fundi wa Kibondo. Alisema, “Yupo mzee pale nyuma ya soko, mtu wa miguu ya mbele tu. Injini hagusi. Ana maneno mengi, uvumilie.” Nilicheka, nikasema basi tutavumiliana.

Nililiogesha, nikaenda.

Nilimkuta Muha mmoja mnene, umri wa kunizidi, amevaa ovaroli iliyopigwa pasi mpaka ina mstari, anakunywa chai ya maziwa kwenye kikombe kikubwa. “Mwakeye,” nikamwamkia, akaitikia kwa kupiga makofi polepole, na tukaulizana habari za nyumbani, za mashamba, za mvua na za safari, maana huku huwezi kumrukia mtu na shida zako kabla hamjamaliza. Nilipomaliza kueleza ugonjwa, alinyanyuka, akalizunguka gari mara moja, akapitisha kidole ndani ya rimu, akakitazama kidole. Kilikuwa safi.

“Umeliogesha?”

“Nimeliogesha,” nikasema, nikitegemea kusifiwa.

“Na waliotangulia kulitazama, uliwapelekea limeoga hivihivi? Tupu hivihivi?”

“Sasa nilipeleke na uchafu, mzee? Mimi nimezaliwa porini?”

Akarudi kukaa kwenye chai yake. “Mama, hili gari linapata ugonjwa likiwa limebeba na likiwa na tope. Wewe unaniletea bibi harusi. Nitamtibu nini bibi harusi? Nenda nalo Nyabibuye. Lilete likiwa chafu, na mzigo wake, na watu wake. Usilipitishe mtoni. Hata kioo usifute, acha pale unapoona njia tu.”

Nilidhani ananitania. Nilipoona hanitanii nikakasirika. Nimetoka Makere na mafuta yangu, mtu hata jeki hajashika, ananifukuza nikachafuke. Nilimwambia kama hataki kazi aseme. Akanijibu kwamba anataka kazi, hataki sifa za bure, na kama nataka fundi wa kuambiwa gari zima, Kibondo imewajaa. Tulirushiana maneno mpaka muuza vitumbua wa jirani akasogeza kiti asikie vizuri. Mwishowe niliondoka kwa kishindo, nikabamiza mlango, na nikachukua njia ya Nyabibuye, kwa sababu hata kwa hasira zangu niliona kwamba huyu ndiye mtu wa kwanza aliyetaka kuuona ugonjwa wenyewe.

Mvua zilinisaidia. Kule ndani lilizama mpaka ekseli, likatoka, likazama. Nilinunua magunia, nikapakia. Wanawake watano wa kwaya ya kule walikuwa wanakwenda Kibondo kwenye mkutano wa kanisa, wakaomba lifti. Niliwaambia ukweli wote: lori linatikisa kichwa likikimbia, nalipeleka kwa fundi, nitakwenda mwendo wa kobe mpaka kwake, na hapo watashuka. Walishauriana. Mkubwa wao, mama mmoja mwenye sauti ya besi, akasema ukienda mwendo wa kobe hata mauti yatachoka kusubiri, wakapanda. Njia nzima waliimba, na kila nilipopita shimo waliimba kwa nguvu zaidi ili nisikie.

Kuingia mji wa Kibondo na gari lile ilikuwa aibu yangu ya hadharani. Lilikuwa jekundu mpaka juu ya kabini, na tope lilining'inia chini kama nguo zilizoanikwa. Watu wanaonijua walinipungia mkono na kugeuza uso. Fundi alikuwa amesimama mlangoni kwake, na alipotuona alifungua mikono yote miwili, uso wake umejaa furaha, kama mtu anayepokea wageni wa mahari.

“Sasa ndiyo gari!” akasema.

Akawashusha wanakwaya, akasema kwa jaribio magunia yanatosha, akawaagizia chai. Kisha akapanda kwenye kiti cha abiria na kufunga mlango.

“Si uendeshe wewe?” nikamwuliza.

“Ugonjwa ni wako, mama. Wewe ndiye unayeujua unapokaa.”

Tulitoka mpaka kwenye lami. Alinifundisha tukiwa njiani, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo: “Likianza, usipigane nalo. Ushike tu, vidole visikaze. Toa mguu kwenye mafuta, breki uiguse taratibu kama unamwamsha mtoto. Litachoka lenyewe.” Nikaongeza mwendo. Hakuna kitu. Nikaongeza tena. Hakuna. Na hapo, niseme ukweli, niliomba litikisike. Niliomba kwa Kirundi, lugha ya mama yangu, ninayoitumia kwa mambo makubwa. Niliona likikataa sasa, mbele ya huyu mtu, basi nimekwisha, kaka yuko sahihi, na huyo mnunuzi wa Kigoma aje alichukue.

Palikuwa na kiraka cha lami kilichoinuka. Tuligonga. Usukani ukaanza.

“Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo!” fundi akapiga kelele, anashika dari kwa mkono mmoja na kunipigapiga begani kwa mwingine. “Achia mafuta! Mikono laini! Hivyohivyo! Mama, hiyo siyo mikono yako, mimi naiona mikono yako, imetulia kabisa!”

Likapungua, likapungua, likaacha. Nikasimamisha gari pembeni, nikaweka kichwa kwenye usukani, nikalia. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Sijawahi kushukuru kitu kibaya namna ile. Fundi aliniacha nilie, akatoa leso yake, nayo ilikuwa imepigwa pasi.

Uani kwake kazi ilianza. Alipiga jeki mbele mpaka magurudumu yakaelea, akalizungusha gurudumu la kushoto kwa mkono. Lilizunguka nusu, likarudi nyuma lenyewe, likasimama na upande mmoja chini. Akaniita nitazame kwa ndani. Tope la Nyabibuye lilikuwa limejibandika kwenye rimu upande mmoja tu, limekauka, limekuwa tofali. “Hili ndilo linaloanzisha ugomvi,” akasema. “Gurudumu lina uzito upande mmoja, likienda kasi linarukaruka. Wewe kila siku unalisugua, unampelekea fundi gari ambalo limeshaondolewa shahidi.” Lakini tope peke yake, akasema, lisingefika mbali. Gari lenye ekseli nzima ya mbele lingelinyamazisha. Kuna mahali palipokuwa panaliruhusu.

Alitaka mizani. Ya kwake ilikuwa imeharibika, akatupa macho kwenye bodi na kuiona yangu, ile ya kuning'iniza, ya ndoano, ninayopimia maharage. Alifungua chuma kirefu kinachounganisha magurudumu mawili ya mbele, akaweka ndoano ya mizani kwenye mkono wa gurudumu, akaniambia nivute taratibu na nisome mshale. Gurudumu liligeuka kabla mshale haujanyanyuka. Nikavuta tena, vilevile. Nilikuwa nimepima maharage ya nusu ya wilaya kwa mizani ile na sikuwahi kuiona ikisema sifuri mbele ya kitu kizito namna hiyo. Fundi alinieleza kwamba ndani ya shingo ya gurudumu kuna beringi mbili, moja juu na moja chini, na gurudumu linageuka juu yake. Zinatakiwa zibane kidogo, zikatae kidogo kabla ya kukubali. Zangu zilikuwa zimelika. Na nikipakia magunia nyuma, pua ya gari inainuka, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, hayana cha kuyatuliza. Ile shokapu mpya ya usukani ilikuwa imemziba mgonjwa mdomo tu.

Tulishusha magunia, akafungua shingo zote mbili. Beringi zilitoka zimeota kutu na zina vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Akaweka mpya, akaanza kupunguza vibati vyembamba vinavyokaa chini ya kifuniko, kimoja kimoja, na kila mara ananiambia nivute mizani. Mpaka nikavuta, mshale ukapanda, gurudumu likakataa, nikavuta zaidi, likakubali. “Hapo!” tukasema wote wawili kwa pamoja, na wanakwaya, ambao walikuwa wamekwisha kuacha mkutano wao uende bila wao, wakapiga vigelegele bila kujua tunashangilia nini.

Ikabaki kupima magurudumu yanavyotazamana. Fundi alipaka chaki katikati ya kila tairi la mbele, akachora mstari kwa kulizungusha huku ameshikilia msumari, akashusha jeki, kisha akakuna kichwa. Hapimi gari tupu, akasema. Ekseli iliyobeba na isiyobeba ni ekseli mbili tofauti, na sisi magunia tumeshayaingiza ghalani kwa sababu mvua inakuja. Yule mama wa besi akasimama, akajifunga kanga. “Sisi ni nini?” akauliza. Wakapanda wote, na muuza vitumbua naye akapanda, na wapita njia waliokuwa wamesimama kututazama. Mzigo wangu ulikaa kwenye bodi umejaa, unaongea, fundi akiwa chini na kijiti chake cha kupimia anawasihi wasicheke maana kila wakicheka kipimo kinahama. Bila shaka waliendelea kucheka. Alipima nyuma ya matairi, akapima mbele, akazungusha kile chuma kirefu kidogo, akapima tena, mpaka mbele pakawa pamebana kidogo kuliko nyuma, kama miguu ya mtu anayesimama vidole vikitazamana. Akakaza nati, akapaka grisi.

Tope kwenye rimu aliliacha. Alitaka tujaribu kwanza likiwa nalo. Tukapakia magunia, tukaenda kwenye kiraka kilekile, mimi kwenye usukani. Tuligonga. Usukani ulishtuka mara moja, ukatulia. Nikageuza, nikapita tena kwa kasi zaidi. Ukatulia. Fundi alikuwa ameegemeza kichwa nyuma, anajisifu: hakuna mwingine kuanzia hapa mpaka ziwani, mwenye macho kama yake hajazaliwa. Nilimwachia ajisifu. Nilimshukuru kwa Kiswahili, nikamshukuru kwa Kirundi, na yeye akanijibu kwa Kiha, akaniambia rimu nizikwangue kila nikitoka Nyabibuye, na kwa fundi nisiende tena nimejipamba.

Nyumbani kaka alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimwonyesha beringi zilizokufa, nikamweleza juu ya mizani, juu ya tope. Alizigeuzageuza mkononi. “Sawa,” akasema. Mnunuzi wa Kigoma hakuitwa, lakini pia kaka hakupanda lori tena. Nilipokuwa na safari alikuwa na kazi shambani. Wifi naye alipotaka kwenda kliniki, kaka alimtafutia pikipiki, kisha akaona pikipiki ni mbaya zaidi, akamtafutia teksi. Mimi nilinyamaza. Kwa mtu mwenye mdomo kama wangu, kunyamaza kule ilikuwa kazi ngumu kuliko kusukuma lori kwenye tope. Lakini nilikuwa nimemwona uso wake siku ile pale mlangoni, alivyomtazama mkewe na kulitazama tumbo, na nilijua kwamba beringi haziwezi kujibu kitu kile.

Wifi alijifungua hospitalini Kasulu, kwa upasuaji. Mtoto wa kike. Siku ya kuruhusiwa mimi nilikuwa natoka Nyabibuye na mzigo, nikapita hospitalini kumpa wifi uji wa mtama aliouomba na kumwona mtoto kabla hawajaondoka. Teksi ya kaka ilikuwa tayari getini, dereva amefungua mlango, mabegi yameshaingia. Niliwapungia nikiwa upande wa pili, nikazunguka kwenda kwenye lori langu.

Nikiwa naweka funguo nikaona mlango wa abiria unafunguliwa. Kaka alimpandisha mkewe taratibu, akampangia kitenge mgongoni, akamfunga mkanda. Kisha akarudi kwenye teksi, akatoa mabegi, akamwomba dereva samahani, akayarusha juu ya magunia. Mwisho akaja na mtoto mkononi, amemfunika mpaka puani. Alisimama kwenye mlango wa mkewe. Nilidhani atampa mama yake. Badala yake alininyooshea mimi, nimpokee, na nilipompokea akainama, akamfunua uso.

“Huyu ni shangazi yako,” akamwambia. “Atatufikisha nyumbani.”

Kisha akapanda nyuma.